Taa ya Kushoto

Randu alimgonga mbuzi wa watu pale Gongoni,
akalipa mbuzi, akala hasara ya taa,
akanunua nyingine ya mtumba, kioo kimeingia umanjano
kama jicho la mgonjwa wa ini.
Tangu hapo kila gari tunalopishana nalo usiku
linamtukana kwa fuli:
mara moja, mara mbili, kisha honi.
"Wana nini hawa?" huuliza.
Hawana kitu. Wewe ndiwe unayewachoma.

Leo, adhana ya isha ilipokwisha, tukaamua.
Muyeye yetu ni mchanga na mashimo,
sakafu tambarare ni moja tu:
zege la Bwanaheri, mbele ya ukuta wake
alioupaka chokaa juzi kwa ajili ya Idi.
Nikabisha hodi, chaki nimeificha mgongoni.
"Chora," akasema, "lakini utaufuta wewe,
na si kwa mate."

Kwanza upepo, magurudumu yote manne sawa.
Kisha tukashusha magunia mawili ya makaa
na sufuria ya nani sijui.
Probox ikainua mgongo kama punda aliyetuliwa mzigo.
Tukaisogeza hata pua ikanusa chokaa,
nikatia msalaba penye kitovu cha kila taa,
nikavuta mstari kwa uzi wa mwashi
na mwingine chini yake, inchi mbili.
Randu akairudisha nyuma hatua kumi.
Alizipima kwa miguu yake ile mirefu,
ikabidi nizipime upya.

"Dereva lazima awe kitini," nikasema,
"uzito wake ni sehemu ya kipimo."
"Na bisibisi ashike nani? Wewe uko ukutani."
Tukatazamana.
Tukamwendea mama.

Mama hajapata kukalia upande ule.
Akajifunga leso upya, akaingia kwa mguu wa kulia,
akashika usukani kwa mikono miwili
kama aliyepakatishwa mtoto wa mwenzake.
"Nisiguse kitu?"
"Usiguse."
Akagusa honi.
Bwanaheri akafungua dirisha, akatazama, akalifunga.

Dimu ikawaka.
Ya kulia ikatua pale pale, tiifu.
Ya kushoto ikapita mstari, ikapita ukuta,
ikawa inasoma majani ya mwarobaini
uani kwa jirani wa pili.
"Mwangaza mbili, mmoja humponza,"
mama akasema kutoka ndani.
"Wengine husema humponya," nikamjibu.
"Ni herufi moja tu," akasema. "Babako aliondoka nayo."

Randu alikuwa ameinama kwenye boneti.
Hakuinuka.

Baba alikuwa kwa miguu, kando ya lami, karibu na Mambrui.
Aliyemgonga alisimama, alilia, alisema:
sikuona ila taa za mwenye kuja.
Yule mwenye kuja hakujulikana.
Alifika alikokuwa akienda, akala, akalala.
Mpaka leo hajui.

Skrubu ilikuwa imeliwa na chumvi ya hewa hii yetu.
Mafuta taa, subira, tusi moja la Kigiriama,
ikakubali robo mzunguko.
Mwanga ukajikwaa kwenye mwarobaini,
ukateremka,
ukashika ukingo wa ukuta kama paka anayepima urefu.
"Tena," nikasema. "Tena. Umepitiliza. Rudisha."
Siku zote mimi ndiye mwenye maneno mengi.
Lakini aliyesema "Hapo" ni mama,
na palikuwa hapo.

Tulizima, hakushuka.
"Washa tena nione," akasema, na tukawasha,
na akauangalia mstari ule kwa muda
ambao betri ililipia.

Chaki sijaifuta.
Bwanaheri naye hajauliza.

Saa tisa usiku Randu akaondoka na makaa yake,
na alfajiri simu ikalia, yuko Garsen, anapakua:
"Nimepishana na magari kumi na moja.
Hakuna aliyeniambia kitu."